Kaka Kasiani na Sinema ya Ngazi

Mzungu wa kwanza niliyemwona akianguka alikuwa msimamizi wa baba yangu. Baba alitutoa ng'ambo ya Ruvuma akatuleta Nachingwea, kutafuta kibarua kwenye mashamba ya karanga. Karanga zenyewe ziliwashinda Wazungu, hilo kila mtu wa huku analijua, wakabaki kupaka grisi matrekta yasiyokwenda popote. Basi siku hiyo msimamizi akakanyaga grisi, miguu ikatangulia, mwili ukabaki nyuma, pu! Kaketi chini na kofia yake kichwani. Vibarua wote wakatazama ardhini kama wanatafuta sindano. Nani angecheka kazi yake iote nyasi? Tulipofika nyumbani kaka yangu Kasiani akaliigiza anguko lile mbele ya mama, na mama akacheka mpaka ugali ukaungua.

Nadhani ugonjwa wa Kasiani ulianzia hapo. Maana gari la sinema lilipoanza kuja, likitundika shuka jeupe uwanjani na kutuonyesha kwanza namna ya kupalilia, Kasiani hakujali palizi. Aliingoja ile fupi ya mwisho, isiyo na sauti. Mwanamume mwembamba amebeba ngazi begani. Akigeuka kulia anampiga polisi, akigeuka kushoto anamwangusha mwuza mayai, akisimama kuomba radhi anavunja dirisha. Basi, hakuna zaidi.

Watu husema zile ni sinema za kipuuzi. Waseme. Juzi hapa Ruangwa mjukuu wangu Zawadi kanionyesha kwenye simu vijana wa Dar wakiirudia hiyo hiyo ya ngazi. Wameweka na kicheko chao humo ndani, eti wanacheka kwa niaba yetu.

"Babu, mbona hucheki?"

"Sijamwona akianguka."

"Si huyo kaanguka!"

"Nimeona mguu, halafu nimeona uso. Mtu mzima yuko wapi?"

"Babu nawe, una makuu!"

Sina makuu. Yule wa zamani alianguka mzima mzima mbele ya macho yako, hakukatwa vipande. Ulimwona anavyojaribu kutoanguka, na hapo ndipo penye utamu. Kasiani alilijua hilo, naye hakusoma kuliko mimi, na mimi niliishia darasa la pili.

Sasa nije kwenye vita. Vilipoanza vya kuwatoa Wareno kule kwetu, wapiganaji walifundishwa huku Nachingwea, na sisi tuliozaliwa ng'ambo tukaitwa kubeba. Risasi zilikwenda kwa kichwa na bega, kwa miguu, kuvuka mto mpaka ndani kabisa. Kasiani alipewa kasha refu. Akigeuka nalo, wabebaji wote tunainama kwa pamoja bila kuambiwa, halafu tunaziba midomo kwa viganja.

"Nyie, mmekuja ngomani?" kamanda anafoka. Naye mabega yanamtikisika.

Asubuhi moja tulikuwa mahali peupe, majani mafupi.

Ndege ya Wareno ikaja chini sana, ikaangusha bomu.

Niliona kasha. Kasiani sikumwona.

Tuliita kwa sauti ndogo. Kamanda akasema twende. Tukaenda.

Nyumbani tukaweka msiba usio na maiti. Bi Somoe, mtani wa ukoo wetu, akatoka Malolo kwa miguu kuja kufanya kazi yake. Kwetu mtani ndiye anayemwigiza marehemu, mwendo wake, maneno yake, ili wafiwa wacheke wapate kula. Alichukua mchi wa mama, akauweka begani kama ngazi, akageuka. Watu wakainama. Mama akacheka huku analia, akala tonge la kwanza. Alifanya kazi nzuri, sina la kumlaumu.

Masika mawili yakapita, Kasiani akarudi. Wapiganaji walikuwa wamemwokota na kumtibu kule kule. Mguu wa kushoto umepinda, anauburuta.

"Wewe maiti," Bi Somoe akamwambia mlangoni, "nirudishie machozi yangu!"

Tulicheka wote, hata yeye.

Mama alitaka kitu kimoja tu, mwanawe akae. Alimlimia mihogo, akamtafutia mchumba. Lakini watu walishazoea Kasiani wa Bi Somoe. Akipita sokoni wanainama: "Kaka, tupishe na ngazi yako!" Wengine walidhani mguu ule ni maigizo. Wengine walijua si maigizo, wakainama vile vile. Miezi ya kwanza alicheka nao. Kisha akaacha kwenda sokoni.

Gari la sinema likarudi. Wakatangaza kwamba ile ya ngazi imetengenezwa upya, ina rangi na sauti. Mama ndiye aliyembembeleza aende. Alifikiri akicheka kama zamani atatulia, atabaki.

Ngazi mpya ikagonga mlango wa duka, spika zikalia: pwaa!

Kasiani akawa chini.

Tumbo kwenye vumbi. Mikono kisogoni.

Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Halafu ukacheka, ukacheka kuliko kwa kitu chochote kilichowahi kuonyeshwa kwenye shuka lile. Bi Somoe alipiga makofi: "Huyu ndiye! Yule wa kwenye shuka hamwezi!"

Hawakuwa na ubaya. Hilo ndilo linaloniunguza mpaka leo. Wareno nilijua pa kuwaweka moyoni mwangu. Hawa walikuwa watu wetu, niwaweke wapi? Vita viliisha, wapiganaji wakapandisha bendera yao kule, sisi wabebaji tukaambiwa asanteni. Mama hakuambiwa kitu. Alikufa hajui amlilie mwanawe au amngoje, maana matanga yake tulikwisha kuyafanya, na ubwabwa tuliula.

Jioni ile ya sinema mama alimshika mkono. "Kasiani, mwanangu, twende nyumbani."

"Mama, mimi mlishanizika."

Hakusema kwa hasira. Aliutoa mkono wake taratibu, akapita katikati ya watu waliokaa, nao wakavuta miguu kumpisha, macho kwenye shuka. Akashika barabara ya Masasi akiuburuta ule mguu, na hakurudi tena.