Vidole vya Mita

Jina la Mita hakupewa na wazazi. Alipewa na madereva wa malori, miaka thelathini iliyopita, kwa sababu ya vidole vyake. Gari likiletwa gereji linanuka moshi, mafundi wengine wanatafuta kipimo cha umeme, wanatafuta betri ya kipimo, kisha wanamtafuta aliyeazima betri ya kipimo. Yeye anamwambia dereva awashe injini na taa zote, anasubiri, halafu anaingiza mkono kwenye nyaya na kugusa maungio moja moja. "Hapa," anasema, na kweli ni hapo. Ungio la waya likilegea hupata joto kabla halijatoa moshi, na vidole vyake vilikuwa vikilinasa joto hilo lingali changa. Kipimo cha umeme kinaitwa mita, basi naye akawa Mita. Ukilitaja jina lake halisi pale gereji watakwambia huyo hafanyi kazi hapa.

Miezi minane iliyopita mkewe alifariki. Aliugua wiki tatu, akaondoka. Mita hakulia hospitalini, hakulia kaburini, na alikuwa hajalia hata siku moja tangu hapo. Siku ya nne alirudi kazini. Wapo waliosema anajikaza kisabuni, wapo waliosema ana moyo mgumu, na shangazi mmoja mwenye mdomo alisema hadharani kwamba huenda kuna mwanamke mwingine. Mwanamke mwingine atoke wapi! Mtu mwenyewe akirudi nyumbani anakaa kwenye kiti kilekile anatazama ukuta. Akiletewa chai anakunywa, asipoletewa hakumbuki. Mita naye alikuwa akijiuliza kimoyomoyo kama ana roho ya binadamu. Aliutafuta uchungu ndani yake akaukosa, na hata kule kuukosa hakukumuuma.

Na vidole navyo vikamgeuka. Alianza kwa kudondosha nati, akasema ni uzee. Kisha siku moja aligusa ungio la lori, akalipita, na fundi aliyekuja nyuma yake akaligusa na kurusha mkono huku akipiga yowe. Mita alicheka pamoja na wengine. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Sifa yake yote ilikuwa kwenye ncha za vidole kumi, na gereji ikijua vimekufa itambidi akae nyumbani na ule ukuta. Akajifunza kudanganya. Alitafuta plastiki iliyobadilika rangi, alinusa, alisikiliza, akapatia mara nyingi. Kugusa kukabaki kuwa maonyesho tu.

Ijumaa moja asubuhi akaitwa na Mwalimu. Huyu ni mwalimu mstaafu wa ufundi wa chuma, rafiki yake wa siku nyingi, aliyetumia miaka kumi na mmoja kuunda ndege ya viti viwili ndani ya banda la bati kando ya uwanja wa nyasi. Ndiyo, ndege. Watu walimcheka wakashika mbavu. Mwaka huu wakaguzi walikuja, wakaigonga, wakaichungulia, wakamchosha kwa maswali, mwishowe wakampa ruhusa, na Mwalimu akaruka nayo mara tisa peke yake. Vicheko vikaisha. Aliyekuwa hajapanda ni mkewe, nesi mstaafu, ambaye siku zote alisema hapandi kitu kilichofungwa kwa riveti za mume wake kwa sababu anazijua rafu alizomtengenezea jikoni. Mwezi huu alikubali. Wangeruka Jumamosi saa mbili asubuhi, dakika arobaini, kwenda na kurudi.

Lakini Alhamisi Mwalimu aliwasha injini ndege ikiwa chini, akaiacha ingurume dakika ishirini, na ndani kukaanza kunuka plastiki inayoungua.

Mita alilala chali chini ya dashibodi, miguu imetokeza nje mlangoni. Haikumchukua muda kuona kishikizo cha fyuzi kimekuwa cha kahawia. Akafungua skrubu, akauvuta waya.

"Nani kakulehemia nyaya hizi?"

"Mimi mwenyewe," Mwalimu akajibu kwa fahari. "Zimependeza, eh?"

"Zimependeza kweli. Ndiyo maana zinaungua."

Kosa hili halifanywi na mvivu. Mvivu hukata waya, akauchomeka, akaubana, akaenda zake. Mtu anayependa usafi ndiye huona nyuzi za shaba zilizotawanyika zinamkera, akazichovya kwenye lehemu ya moto, ile bati na risasi iliyoyeyushwa, zishikane na kung'aa, ndipo akazifunga kwa skrubu. Ungio hilo linapendeza machoni, na siku ya kwanza linashika vizuri. Ila lehemu ni laini. Ikibanwa huwa inabonyea taratibu, inasinyaa, skrubu inabaki imebana hewa. Ungio likilegea linapata joto, joto linailainisha lehemu zaidi, na mtetemo wa injini unamalizia. Mwalimu alikuwa amefundisha miaka thelathini na miwili kwamba kazi chafu ni kazi mbaya, na somo lake lilikuwa limemgeukia.

"Umechovya ngapi hivi?" Mita akauliza.

Mwalimu akahesabu. "Tatu. Mbili hapo kwenye fyuzi, na moja ya betri."

"Una uhakika?"

"Fundi, ndege hii naijua kuliko ninavyowajua wanangu."

Mita akazikata ncha zote tatu, akamenya waya upya, akazibana kavukavu kama inavyotakiwa. Wakawasha injini na kila kitu kinachokula umeme. Dakika ishirini baadaye wakazima. Mwalimu akasimama upande mmoja, mkewe upande wa pili ameshika chupa ya chai, na Mita akaanza kugusa. Kulikuwa na maungio kumi na manne. Kila moja alilishika akahesabu mpaka tatu, akasema, "Poa," akaenda lingine. La mwisho lilikuwa nyuma ya swichi kubwa, mahali jicho halifiki, panapopenya vidole viwili tu. Akavipenyeza. Moja, mbili, tatu. Harufu ya jana ilikuwa bado imeganda mle ndani, kwa hiyo pua nayo haikumsaidia. Alijua vizuri kwamba hajui. Alitazama nyuso zile mbili zinazomsubiri, na kwa kuwa hakuna kilichomsukuma huku wala kule ndani yake, akasema lililokuwa rahisi.

"Poa. Zote. Rukeni."

Mwalimu akamkumbatia.

Jioni alikuwa mezani na binti yake, fundi cherehani ambaye alirudi kuishi naye baada ya msiba. Binti akampa sahani, kisha akamshika mkono ghafla.

"Baba! Umeungua!"

Mita akatazama. Kidole cha shahada na cha kati, ncha zote mbili, zilikuwa na malengelenge meupe yaliyovimba.

"Umeshika nini, baba? Na hukusikia?"

"Sikusikia," alisema, akiviangalia kama vidole vya mtu mwingine. Vilikuwa viwili. Kote alikogusa siku ile alitumia mkono mzima, isipokuwa nyuma ya swichi kubwa.

Alitoka nje, akapiga simu. Mwalimu alipokea akicheka. "Mita wangu! Shemeji yako huku ananiuliza avae nini angani. Nimemwambia maadamu wewe umesema poa, hata akivaa kanga ni sawa."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema.

"Mnaruka saa mbili, siyo?"

"Saa mbili kamili."

"Nitakuja kuwaaga."

Jamani, mtu mzima! Lakini ndivyo ilivyokuwa. Alijilaza, akajua kwamba wawili wale wanaweza kufa, akasubiri moyo umwende mbio, haukumwenda. Alilijua jambo lile kama unavyoijua tarehe ya leo. Kabla ya alfajiri akaamua kwamba kujua tu kunatosha, akaamka kutafuta mshumaa.

Asubuhi saa moja na nusu alikuwa uwanjani, na mshumaa mfukoni. Mkewe Mwalimu alikuwa ameshafungwa mkanda, amevaa koti zito na visikizio masikioni, ametulia kama yuko kwenye picha ya ukutani. Mwalimu alikuwa akizunguka ndege na kitambaa.

"Mwalimu, msiruke."

"Kuna nini tena?"

"Jana nilikudanganya." Akanyoosha vile vidole viwili. "Havisikii joto. Vyote kumi havisikii. Nilikuwa nagusa ili uone nagusa."

Mwalimu alitazama malengelenge, akamtazama usoni. Kitambaa kikamdondoka.

"Mke wangu yumo humo ndani," akasema kwa sauti ya chini, kisha ikapanda. "Mke wangu yumo humo ndani, Mita! Na jana usiniambie? Na kwenye simu usiniambie?"

"Nilishindwa."

"Ulishindwa!"

Mkewe akavua visikizio, akafungua mkanda, akateremka. "Gombaneni baadaye," akasema. "Kwanza tuone."

Wakafungua dashibodi nzima, skrubu kumi na nane. Mita akawasha mshumaa na kudondosha tone la nta kwenye kila ungio, likaganda jeupe. Njia hiyo aliijua tangu ujana wake, aliidharau kwa kuwa ilikuwa ya wasio na vidole. Injini ikanguruma robo saa. Walipozima, nta kumi na tatu zilikuwa pale pale, nyeupe. Ya nyuma ya swichi kubwa haikuwepo. Ilikuwa imeyeyuka ikachuruzika kwenye waya, na ganda la waya lilikuwa limelainika likaacha shaba wazi, kidogo tu igusane na chuma. Mita akaufungua. Ncha yake iling'aa, safi, imechovywa.

"Ya nne," akasema.

Mwalimu akakaa chini kwenye majani. "Niliisahau," akasema. "Niliichovya mwaka wa tatu wa kuunda ndege hii. Niliisahau kabisa." Hasira yote ilikuwa imemwishia, akawa mzee tu aliyekaa chini.

Mkewe hakukaa. Alimvuta Mita kwenye benchi la bandani, akatoa kijiti cha meno kwenye mkoba.

"Shemeji, fumba macho. Nikikuchoma sema."

Mita akafumba. Akasubiri, akadhani hajaanza.

"Nimeshachoma vidole vyote," akasema yule mama. "Kiganja nimekimaliza. Hapa?"

"Hapana."

"Hapa?"

"Hapo nasikia." Ilikuwa juu ya kifundo cha mkono.

"Na miguu?"

"Miguu niliizoea siku nyingi."

"Uliizoea!" Akamtazama kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa wasumbufu. "Jumatatu unakwenda kupimwa sukari, na mimi nakwenda na wewe. Sasa niambie, mikono imeanza lini? Ni baada ya msiba?"

"Ni baada ya..." Mita akaanza. Alikumbuka vifungo vya shati. Alikuwa ameshindwa kuvifunga, na mkewe alisimama mbele yake akavifunga kimoja kimoja, mzima wa afya, akimtania kwamba amekuwa mtoto mchanga mwenye mvi.

"Kabla," akasema. "Ni kabla hajaugua."

"Una uhakika?"

"Alikuwa ananifunga vifungo."

Kisha akasema jambo ambalo hata binti yake hakuwahi kuambiwa. "Siku ile hospitalini nilimshika mkono tangu asubuhi. Sikuuachia. Alasiri nesi akaja, akaniambia, baba, mwachie sasa, mkono umepoa zamani. Na mimi nimeushika, shemeji. Nimeushika hivi, kwa mikono miwili, na sikujua. Nikasema mimi ni mtu wa namna gani, mke wangu anapoa mikononi mwangu nami nimekaa tu."

"Hukuwa na namna ya kujua," yule mama akasema taratibu. "Haikuwa moyo. Ni mishipa ya fahamu. Unanielewa? Haikuwa moyo wako."

Mita akatikisa kichwa kukubali. Alielewa. Alingoja kilio kije, maana sasa kilikuwa na ruhusa, hakikuja. Akaigeuza mikono yake juu ya magoti, akaitazama viganja.

"Kwa hiyo sitajua," akasema.

"Hutajua nini?"

"Mke wangu aliondoka saa ngapi."