Wala Vumbi wa Nyahanga

Baba yangu alistaafu jeshi kitambo, akajenga hapa Nyahanga, na hadi leo nyumbani kwetu anayechelewa kuamka anaitwa kuruta. Kuruta ni askari mgeni, asiyejua hata kufunga kamba za buti. Mama, aliyeishi naye kambini miaka yote, ni raia. Akiitwa hivyo husonya tu, akaendelea kusonga ugali. Na kila jioni mzee hupanga viatu vya nyumba nzima mlangoni, visigino ukutani, nasi humcheka.

Neno mjeda, ambalo mtaani kila mtu analitumia, halipendi. Anasema ni la vijiweni. Yeye alikuwa askari wa miguu, na kikosini kwao askari wa miguu waliitwa wala vumbi. Waliowaita hivyo ni wenzao wa magari, kwa dharau, maana magari yakishapita vumbi lote linabaki kwa anayetembea. Wenyewe wakalichukua jina wakalipenda. Baba akilitamka hunyoosha mgongo.

Basi mdogo wangu wa kike akapata mchumba, akasema ni askari wa miguu. Baba alifurahi mpaka akanyoa ndevu. Ila wasiwasi alikuwa nao, na si bure: huku kwenye machimbo matapeli wa kombati hawaishi. Binti wa jirani yetu aliolewa na mjeda wa Mwakitolyo, kumbe jamaa analinda karasha la kusaga mawe.

Kijana akaja na mshenga wake, amevaa shati jeupe. Wakavua viatu mlangoni, wakaamkia, wakaketi. Hata soda hazijafunguliwa, baba akamuuliza kama yeye ni mla vumbi. Kijana akamtazama mshenga. Akajibu kwa adabu kwamba hapana, baba, yeye ni askari.

Nikajua tumekwisha. Baba akasema, "Yaya," hapana yetu ya Kisukuma, akasimama. Kijana akajieleza kwamba kikosini kwao wa miguu wanaitwa soli, hilo la vumbi hajawahi kulisikia. Akaingiza mkono mfukoni atoe kitambulisho. Baba akakataa hata kukitazama; vitambulisho, alisema, siku hizi vinatengenezwa kwenye vibanda vya fotokopi.

Mdogo wangu alikuwa jikoni. Akaipua sufuria ya wali, akaiweka chini, akalia bila kujificha. Alimpenda yule kijana. Nilimkasirikia baba kwelikweli: mtu akose mume kwa sababu ya neno la kambi moja ya zamani, jamani.

Mshenga akaaga. Mlangoni viatu vilikuwa shaghalabaghala, ndala za watoto juu ya viatu vya wageni. Kijana akainama kutafuta vyake, akavaa, kisha akaanza kuvipanga vilivyobaki, jozi kwa jozi, visigino ukutani. Hakuwa anajionyesha. Macho yalikuwa mbali, mikono inafanya kazi yenyewe. Alipomaliza akatazama mstari, akasogeza ndala moja kidogo, akaondoka.

Baba alikuwa dirishani, ameona yote. Akatoka nje. Kijana alishafika getini.

"Kuruta!" akaita. "Nani kakuruhusu kuondoka?"

Kijana akageuka, akasimama mguu sawa. Jikoni, mdogo wangu akairudisha sufuria ya wali motoni.