Kioo cheusi, na hitma ni saa kumi

Jamani, nisaidieni.

Asubuhi nimeapdeti kompyuta ya steshenari yangu hapa Kiwalani. Inatumia Linux, ule mfumo wa bure badala ya Windows.

Kuwasha, kioo cheusi tii!

Kumbe toleo jipya limeuondoa mfumo wa zamani wa kuonyesha picha kwenye skrini. Wamebakiza mpya tu, na mashine yangu ya mtumba haiuwezi.

Bi Mwanaidi yupo kwenye benchi, anasubiri vijitabu vya dua vya hitma ya marehemu kaka yake. Nimevitaipu humo humo.

Nikamwambia, "Mama, waliotengeneza wameamua kusonga mbele."

Akauliza taratibu, "Wanajua kama sie tupo huku nyuma?"

Nyie, mwenye flashi ya toleo la zamani anipigie, niiwashe nayo mashine. Saa nane hii, na bado amekaa, ananiamini.