Anayekijua Kivuko

Kila Jumamosi, Njoki akiwa kando ya mto anakatia ng'ombe majani ya nepia, yule mtu wa baiskeli huteremka mlima kwa kasi ya kuvunja shingo, helmeti kichwani, matope hadi masikioni. Majirani wanasema anafanya mazoezi. Njoki haamini. Mtu mzima hapandi milima ya Molo bure, tena na baiskeli isiyo na hata keria ya kubebea viazi. Lakini kinachomtia wasiwasi zaidi ni mikono ya mtu huyo. Wageni wote wakifika kwenye maji hayo ya rangi ya chai hufunga breki. Huyu hafungi. Akifika katikati hukata kona kushoto, akalikwepa shimo lililomeza ndama wa Njoki mwaka ule yeye na familia yake walipohamia shamba hili, waliloonyeshwa na dalali, mwenye shamba mwenyewe wasimwone. Kisha hutokea ng'ambo akipiga mluzi.

Leo cheni ilichomoka akiwa hatua chache tu kutoka kwa Njoki. Akachuchumaa kuirudisha. Njoki akalishika panga vizuri.

"Boss, nani alikuonyesha hapa pa kuvukia?"

"Hakuna, mathe. Ni mazoea tu."

Alisema kwa upole, bila kuinua kichwa. Akapangusa grisi kwenye nyasi, akapanda baiskeli, halafu akageuka kama aliyekumbuka kitu.

"Na ule mti wa plamu nyuma ya jikoni, bado unazaa?"

Njoki akatazama juu mlimani, nyumbani kwake. Kutoka pale mtoni, hata paa la jikoni halionekani.