Nilimuumbua bwana shamba kwenye group la kijiji kwa kipimo cha udongo, aliyeumia ni jirani

Wakuu, kwema humu?

Hii imenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Naandika ilivyo, hata pale panaponivua nguo.

Mimi ni fundi simu, nina kibanda Chanji hapa Sumbawanga. Shule niliishia form two. Mengine nimejifunza mwenyewe kwenye simu: umeme, solar, hadi mambo ya udongo. Na mdomo ninao, wanaonijua wanajua.

Aliyenilea ni mama mkubwa. Analima mahindi na ulezi upande wa Mwimbi. Mtu akimgusa huyo mama, mimi sina breki.

Sasa mwaka jana kabla ya mvua, bwana shamba mmoja kijana aliitisha mkutano kijijini. Akasema udongo wetu una asidi, ndio maana mahindi hayaendi hata ukiweka mbolea. Dawa ni chokaa ya kilimo. Watu wajiandikishe, wakitosha lori linakuja.

Mama mkubwa akasimama, akasema shamba lake haliumwi, yeye analilisha kwa intumba.

Kwa msioijua Ufipa: intumba ni vichuguu vya kulimia. Mvua zikielekea kuisha unarundika nyasi, unazifukia kwa udongo, juu unapanda maharage. Nyasi zinaozea humo. Msimu unaofuata unavisambaza, unapanda nafaka. Huku watu wamekula hivyo tangu enzi na enzi.

Bwana shamba akacheka. "Mama, nyasi haziondoi asidi." Mkutano mzima ukacheka naye.

Niliposimuliwa nikawaka.

Nikatafuta vile vikaratasi vya kupimia asidi, unachovya vinabadilika rangi. Jumapili nikapanda boda mpaka shambani. Nikachota udongo, nikakoroga na maji ya chupa, nikachovya. Rangi safi, asidi ya kutisha hakuna. Nikarudia mara tatu, maana mimi sio mbabaishaji.

Nikapiga picha, nikaitupia kwenye group la kijiji: "Mtaalamu gani huyu? Anatafuta wa kumuuzia chokaa tu. Sayansi hii hapa, aje abishe."

Aisee, group likapasuka katikati. Timu Chokaa na Timu Intumba. Watu wanaoimba kwaya moja wakaanza kuitana vibaraka. Bwana shamba akaweka vipimo vyake, tukamwambia avipike ale. Mimi simu ya mteja iko wazi mezani, nyingine mkononi najibu watu. Nikajiona profesa.

Watu wakaanza kujitoa kwenye orodha. Lori halikuja.

Mmoja wa waliojitoa ni Baba Skola, jirani wa mama mkubwa. Mgongo unamsumbua, kuchimba intumba hawezi, analima kwa plau ya ng'ombe, shamba lake tambarare. Alinifuata inbox: "Mwanangu, una uhakika?"

Nikamjibu: "Mzee, kipimo hakidanganyi."

Hiyo meseji ninayo mpaka leo. Nimeshindwa kuifuta.

Februari nikaenda kusalimia. Mahindi ya Baba Skola yamegoma magotini, majani yamekuwa ya zambarau. Na mbolea aliweka! Ya mama mkubwa, mpaka mmoja tu katikati, yananipita kichwa.

Na nani yupo pale na Baba Skola? Bwana shamba. Nikakunja ngumi kabisa, nikijua kaja kunicheka.

Hakucheka. Akaniuliza kwa upole, "Kaka, ule udongo ulichota wapi?"

"Kwa mama hapo. Kwenye intumba."

Wakuu, sisi tuliokulia huku ukituambia leta udongo wa shamba, mkono unaenda kwenye kichuguu wenyewe. Nani achimbe katikati ya vichuguu, kwenye njia ya kupita?

Akachimba kwa Baba Skola, akapima. Asidi kali. Akachimba kwa mama mkubwa, ikatoka rangi yangu ileile.

"Mimi nilipima mashamba ya plau tu, yale ya barabarani," akasema. "Halafu nikasema kijiji kizima."

Mama mkubwa akatokea na jembe begani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Leo hucheki?"

"Mama, humu unaweka nini zaidi ya nyasi?"

"Majivu ya jikoni. Tangu nimeolewa."

"Majivu yanafanya kazi ileile ya chokaa, mama."

"Sasa ulinicheka nini?"



Mnadhani ubishi uliisha hapo? Wapi! Bwana shamba akasema majivu ya jiko moja hayatoshi shamba kama la Baba Skola, na mgongo ule hauchimbi vichuguu, chokaa ndiyo itamuwahi. Mama mkubwa akasema, "Na lori lisipokuja kama msimu huu? Nyasi hazingoji watu wajiandikishe."

Hapo ndipo nilipoelewa. Vipimo wamekubaliana, bado wanabishana. Mmoja anawaza nini kitamsaidia mtu haraka, mwingine anaogopa kutegemea kitu kinacholetwa na wengine. Hiyo huna kikaratasi cha kuipimia.

Na mimi? Mimi nilikuwa nagombania mama yangu kuchekwa. Asidi niliishika kama fimbo tu.

Nikamuomba Baba Skola msamaha. Akaniangalia, akasema, "Wewe ulishinda, mwanangu. Mimi ndiye niliyekuwa nalima."

Hakupandisha sauti. Bora angenizaba kibao.

Nikarudi kwenye group nikaandika kila kitu, na bwana shamba nikamuomba radhi kwa jina lake. Ile picha yangu ya kwanza ilijaa makofi na mioto. Hii ya kukiri kosa, kimya. Aliyejibu ni mtu wa timu yangu mwenyewe: "Msaliti, umepewa nini?"

Aprili nilifunga kibanda, nikaenda kumchimbia Baba Skola intumba nusu ya shamba. Viganja vya fundi simu, mnaweza kuwaza vilivyokuwa. Nusu ya pili inangoja chokaa, amejiandikisha upya. Ipi itamfaa zaidi hatujui bado, na safari hii sijifanyi najua.

Nilichojifunza: ukiona watu wenye vipimo wanavutana mtandaoni, kabla hujachagua timu uliza kila mmoja kachota wapi udongo wake. Halafu uliza, ukikosea wewe, nani atakosa ugali?

Nyie je, mmewahi kushinda ubishi akaumia mtu mwingine? Semeni. Matusi nayapokea, ila kwa lugha ya adabu. Baba Skola nimemfungulia akaunti humu, anasoma.