Viazi Vilivyopita Chini ya Mlango

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Shule niliiacha mapema, kwa hivyo nitasema jinsi ninavyojua kusema. Kila mwaka mkisikia ni Sikukuu ya Mavuno mnabeba unga wa pakiti kutoka supamaketi, mnapigwa picha kanisani, mnarudi nyumbani. Mimi nikinusa ndizi zilizoiva ndani ya chumba kilichofungwa, mpaka leo huenda kwanza kufungua mlango.

Tuliishi Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, chumba kimoja cha mabati: mama yangu, mimi, na ndugu yangu mdogo Kamau, aliyekuwa bado anatambaa. Mama alifanya kibarua kiwandani. Akitoka asubuhi alitufungia kwa nje na kufuli, ufunguo akaufunga kwenye pindo la leso. Hakuwa mbaya. Mbele ya mlango palipita mtaro, na Kamau alipenda maji.

Jumamosi moja, kesho yake ilikuwa mavuno. Nyanya alikuwa ametutumia mkungu wa ndizi kutoka Murang'a, na Mama akautundika juu ya kitanda. "Hizo ni za Mungu," akaniambia. "Asionje mtu." Kwao, alisema, kitu cha kwanza kutoka shambani hakikuingia mdomoni kabla ya kupelekwa kushukuru. Anayekula kwanza anajifanya ni yeye aliyenyesha mvua. Nikamwuliza, na sisi shamba letu liko wapi? "Una maswali kama polisi," akasema. "Koroga uji."

Uji uliisha mchana. Mabati yalishika moto mpaka ukiyagusa unaruka. Ndizi zikaanza kunukia utamu, na ile harufu ikakosa pa kutokea, kama sisi. Saa ya Mama kurudi ikapita. Kamau akalia mpaka sauti ikamkauka, na kilichonitisha hasa ni pale aliponyamaza huku mdomo ukiwa wazi bado. Nikausukuma mlango kwa bega. Kufuli ikagonga tu huko nje. Nikatazama ndizi. Nikamtazama Kamau.

"We Wambui! Huyo mtoto ana nini?"

Alikuwa Mama Nafula, jirani wa mlango wa pili, mtu wa magharibi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Yeye na Mama hawakuwa wakisemezana tangu wagombanie kamba ya kuanika nguo, na mimi nilikatazwa kupokea hata chumvi kwake.

"Ana njaa. Mama hajarudi."

"Funguo iko wapi?"

"Iko na yeye."

"Na mimi nikivunja mlango wa watu nitaitwa mwizi." Akaanza kuondoka. "Ngoja hapo hapo."

Sijui alidhani ningeenda wapi.

Aliporudi nilisikia harufu ya viazi vitamu. Chini ya mlango palikuwa na mwanya, ule ulioingiza maji wakati wa mvua. Kiazi kizima hakingepita. Kwa hivyo aliviponda, akavitandaza juu ya kifuniko cha sufuria, akakisukuma ndani. "Pooza kwanza, mama. Usimchome." Nikamlisha Kamau kwa kidole, naye akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. Kipigo nilijua kinakuja, basi na mimi nikala.

Mama alifika giza likianza kuingia, ufunguo tayari mkononi. Akaona kifuniko. Akaona ndizi hazijaguswa. Alikiosha kile kifuniko kwa majivu, akakisugua kuliko alivyowahi kusugua sufuria zetu wenyewe.

Kesho yake kanisani Mama Nafula alipanga foleni na kapu lenye mahindi machache chini kabisa. Mwanamke mmoja nyuma yake akacheka. "Si ulitutangazia umeletewa viazi vya mavuno? Vimekimbia?"

"Vimepata wa kuvila," akajibu.

Mama akasikia. Akatoka pale alipokuwa na mkungu wake begani, akauweka ndani ya kapu la Mama Nafula.

"Shika upande huo," akamwambia.

"Wewe Mama Wambui, utanivunjia kapu!"

Wakalibeba pamoja mpaka mbele, mmoja huku, mwingine huku.

Nilidhani ni ule ugomvi wa kamba tu uliokwisha. Nilikuwa nimeshazaa mimi mwenyewe Mama aliponieleza kwamba jioni ile msimamizi alifunga geti la kiwanda mpaka kazi iishe, na yeye alisimama ndani ameshika vyuma, akijua watoto wako nyuma ya kufuli aliyoifunga kwa mkono wake. Aliita, hakuna aliyemsikia. Ndipo nikaelewa siku ile alikuwa akishukuru kwa lipi. Mvua ya Murang'a haikuwamo.

Sasa naishi Komarock, nyumba ya mawe yenye geti. Mwaka jana wajukuu wangu walipakia kapu la mavuno garini, wakampita jirani waliyegombana naye juu ya takataka kana kwamba ni nguzo ya stima. Nikawashusha wote.

"Kapu lianze kwa huyo msiyesemezana naye," nikawaambia. "Achague anachotaka. Kitakachobaki ndicho mtakachopeleka kanisani."