Nilimrekodi shangazi akipiga ngoma Kulesa, harusini pad zikatoa na maneno yake

Wakuu, salaam kutoka Garsen. Hili jambo limenikaa tumboni muda, leo acha nilitapike. Ni kweli tupu, na kama ulikuwa kwenye lile hema tafadhali usinitaje jina.

Mimi hupiga drum za elektroniki, zile pad za mpira unazogonga kwa fimbo, waya unaingia kwenye laptop, na sauti inatoka kwa software. Kanisani wananisifia. Kichwa kikavimba.

Binamu yangu Komora alipotangaza harusi, nikajitolea kupiga. Nikasema sitatumia sauti za kiwandani ambazo kila mtu anazo. Nitaweka ngoma ya mamake, yaani shangazi yangu wa Kulesa. Huyo mama akiishika ngoma hata mbuzi wanaacha kula.

Watu wakauliza, si aje apige mwenyewe? Nikawacheka. Mama wa bwana harusi atokwe jasho siku yake? Tena ngoma ya ngozi mpaka uipashe moto ndiyo ilie. Pad ni kuchomeka tu.

Shangazi akakubali. Alipoona nimetega maikrofoni, akaniambia, "Wewe chukua ngoma. Maneno yangu wachia hapa hapa."

"Usijali, shangazi."

Hapa kuna ufundi kidogo, nivumilieni. Ili pad isikike kama ngoma ya kweli, unarekodi pigo la pole kando na pigo la nguvu kando. Ukigonga pole, software inatoa la pole. Ukitwanga, inatoa la nguvu.

Mapigo ya pole niliyakata vizuri. Lile la nguvu lilikuwa na mvumo mrefu mtamu, nikaona nikikata nitauharibu. Nikaliacha na mkia wake wote. Sikusikiliza hadi mwisho.

Na kujaribu nilijaribia kwa chumba changu cha kupanga, ukuta mwembamba, jirani ana mtoto mchanga. Nikawa nagusa pad kama mtu anayeshika yai. Akili yote ilikuwa kwa latency, ule ugonjwa wa sauti kuchelewa baada ya kugonga. Nilipoiondoa nikajiona fundi kamili.

Harusi ikafika. Bibi harusi, Sidi, ni Mgiriama wa hapa Garsen, na watu wao walikaa mbele. MC akaita ngoma. Nikaanza pole pole, vigelegele vikapigwa, shangazi mwenyewe akainuka akitikisa mabega. Mzuka ukanipanda. Nikatwanga.

Ngoma ikavuma, halafu spika zikasema: "Huyu Sidi..."

Nikatwanga tena. "Huyu Sidi..." Sauti ya shangazi, safi kabisa.

Kila pigo la nguvu lilikuwa linaanzisha sauti upya. Watu wakadhani nimemtungia bibi harusi remix, vijana wakaanza kuruka nayo. Sidi akajifunika uso akicheka kwa furaha. Mimi nikaacha kupiga.

Kumbe hapo ndipo nilipoharibu zaidi. Ile pad nilikuwa nimeiset ukiigonga mara moja, sauti iende hadi mwisho. Kilichokuwa kinamzuia shangazi kumaliza ni fimbo zangu. Nilipoziinua, akamaliza:

"Huyu Sidi kupika hajui. Sasa nitafanyaje, na kijana keshapenda? Nitakula hivyo hivyo."

Siku ile ya kurekodi alikuwa anapiga soga na jirani ambaye si Mpokomo mwenzetu, ndiyo maana wakatumia Kiswahili. Laiti wangeongea Kipokomo, nusu ya hema isingeelewa.

Kicheko cha Sidi kikakatika. Mamake akainama kutafuta mkoba wake chini ya kiti, na Komora akanitazama mimi.

Wakuu, hadi hapo ni uzembe, na uzembe ningeuomba radhi. Aibu yangu ni kilichofuata. Nilichukua maiki nikasema, "Samahanini, ni software. Hiyo sauti imetoka internet."

Kulesa nzima ilikuwa pale. Watu waliozoea kuisikia sauti hiyo ikiita kuku kila jioni.

Shangazi akaja mbele taratibu, akanitoa maiki mkononi.

"Hiyo internet ni mimi," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akamgeukia Sidi. "Mwanangu, nimekusema vibaya nyuma yako, na leo umesikia mbele ya watu wako. Nisamehe. Na wewe mama yake, dada yangu, usiondoke."

Akapiga magoti. Mimi sijawahi kuona mama akimpigia magoti mke wa mwanawe, na aliyemfikisha shangazi yangu hapo ni mimi.

Sidi akamwinua huku analia. Mamake akaweka mkoba chini, akasema kwa sauti, "Kupika kweli hajui. Nimefundisha mpaka nikachoka!"

Hema likaangua kicheko. Ngoma ya ngozi ikaletwa, ikapashwa kwenye majiko ya pilau, na mama wa bwana harusi akatokwa jasho siku yake. Mimi nilifunga laptop nikaenda kukaa na wanaoosha sufuria.

Baadaye nilimfuata shangazi kuomba msamaha. Akaniambia, "Maneno yalikuwa yangu, nimeyabeba. Lakini wewe kunikana..." Akaondoka. Afadhali angenichapa.

Somo la ufundi: sikiliza rekodi hadi mwisho, na jaribu pad kwa nguvu ile ile utakayopiga siku yenyewe. Somo la pili mmeshaliona, sina uso wa kulihubiri.

Jumapili iliyopita kina Komora wameniita kula. Sidi akaniwekea wali na samaki wa nazi, akasimama pale pale mbele yangu.

"Shemeji, rekodi na hii basi."

Wote wakacheka isipokuwa shangazi. Chakula kilikuwa kitamu, lakini nilishindwa kuinua macho kulisema hilo.

Aliyewahi kumkana mtu wake hadharani akarudishwa moyoni, aniambie hapa chini alianzia wapi. Matusi pia napokea.